Hurlingham Ipi?

Wanangu, sogeeni hapa. Kabla sijawapeleka mbali, niambieni: Hurlingham iko wapi? Najua mtanyoosha vidole kuelekea Barabara ya Argwings Kodhek, mnitajie Yaya, mnitajie matatu za namba 46 zinazokwenda Kawangware. Mko sawa. Lakini mwulize mtoto wa Argentina swali hilohilo, naye atanyoosha kidole kwingine kabisa, maana kwao Hurlingham ni mji mzima pembeni mwa Buenos Aires. Mtoto wa Johannesburg ana ya kwake, huko upande wa Sandton. Na wote watatu wakikutana London, wataikuta ile iliyozaa zote: jumba la kifahari kando ya mto Thames, Fulham, ambako mwaka 1869 matajiri walianzisha klabu ya kulenga njiwa kwa bunduki. Mwaka 1874 wakaanza kucheza polo hapo, na jina la Hurlingham likapata sifa kila mahali Waingereza walipopeleka farasi wao. Waingereza wa Buenos Aires walifungua Klabu ya Hurlingham yao mwaka 1888. Wale wa Nairobi nao wakaita barabara yetu hivyo hivyo.

Barabara ilibadilishwa jina baadaye. Ilipewa jina la C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili na waziri, aliyefariki kwa ajali ya gari papo hapo barabarani Januari 1969. Barabara ikapata jina jipya, mtaa ukabaki na lile la zamani, na hadi leo mgeni anayetafuta anwani huku anaweza kuzunguka mara mbili akidhani ameelekezwa mahali pawili.

Sasa nisikilizeni. Watu wengi hudhani msafiri huchanganywa na vitu vigeni. Mimi nakataa. Kitu kigeni humfanya mtu afumbue macho. Akiona nyoka mezani atauliza kwanza kama analiwa au analala. Kinachomwangusha msafiri ni kile anachodhani anakijua tangu nyumbani. Na ili niwaonyeshe, nitamtunga binti mmoja wa Hurlingham, msichana wa kidato cha pili, mwenye haraka na mdomo. Hayupo duniani, msimtafute. Lakini nchi atakazopita zipo, na mambo yatakayompata huwapata watu wa kweli kila siku.

Tumpandishe basi la Dar es Salaam. Anafika mpakani Namanga na shilingi zake elfu tano za Kenya, akiba ya miezi kadhaa. Anabadilisha pesa, anapewa bunda, na kwa vile shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za Tanzania, anajikuta ana karibu laki moja. Laki! Anaingia tena ndani ya basi akitembea kama mbunge. Njia nzima anapiga hesabu: atamnunulia mama kanga, baba viatu, mdogo wake baiskeli. Dar anashuka, koo limekauka, anaomba soda, anaambiwa "elfu moja". Elfu moja! Kwao hiyo ni pesa ya kununulia unga, mafuta, sukari na chenji irudi. Anaanza kulalamika kwa sauti kwamba anaibiwa kwa sababu ni mgeni, watu wanamtazama, na muuza soda, mama wa makamo mwenye subira, anamwuliza, "Mwanangu, kwenu soda ni bei gani?" Anajibu, "Hamsini." Yule mama anahesabu kidogo, anacheka mpaka anashika meza. Hamsini mara ishirini ni ngapi, wanangu?

Kosa lake linaeleweka. Shilingi zote tatu, ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda, zilikuwa shilingi moja. Kuanzia mwaka 1921 Afrika Mashariki ilitumia sarafu moja, na noti iliyotoka Kampala ililika Mombasa na Tanga bila mtu kuuliza. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa zake. Tangu hapo kila moja imekwenda njia yake, ila zote zimekataa kuacha jina. Ndiyo sababu mtu wa Nairobi haogopi shilingi ya Tanzania kama anavyoiogopa dola. Anadhani ni ndugu yake.

Lakini soda haijaisha. Mnajua binti wetu aliiomba vipi? Alifika mezani akasema, "Sasa!" Kwetu Nairobi hiyo ni salamu kamili, inajibiwa "fiti" au "poa", maisha yanaendelea. Yule mama wa Dar alimtazama akingoja amalizie sentensi. Sasa… sasa nini? Sasa hivi? Sasa kuna nini? Wakatazamana. Binti akaona huyu labda hasikii vizuri, akapaza sauti: "Nipe soda baridi!" Mama akamjibu kwa upole, "Hujambo, mwanangu?" Binti akarudia: "Nipe soda." Mama naye: "Umesafiri salama? Nyumbani hawajambo?" Binti akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine anayezungumziwa. Alidhani amenyimwa soda, kumbe alikuwa anaoneshwa mlango wa kuingilia. Angesema "Shikamoo", akaitikiwa "Marahaba", halafu "Naomba soda", angeipata na labda angeongezewa kiti cha kukalia. Shikamoo aliisoma kwenye kitabu cha shule, akafanya mtihani wake na kupata alama zote, akadhani imebaki humo kitabuni.

Msinielewe vibaya. Watu wa Nairobi hawana ukorofi, wana haraka tu, na ukikaa Hurlingham saa za jioni magari yalivyobanana utaelewa haraka hiyo inatoka wapi. Ila haraka yetu ikivuka Namanga inasikika kama amri.

Tumsogeze mbele. Wenyeji wake wanamwambia kesho wataenda Kariakoo. "Naijua!" anasema, maana anadhani ni kama Kariokor ya kwetu, pale Ngara, penye nyama choma na viondo na viatu vya akala. Akaamka na njaa ya nyama. Alikuta soko ambalo mtaa wake mmoja ungeweza kumeza Kariokor yote na kutafuta kingine: vitambaa, sufuria, simu, mikokoteni, watu mabega kwa mabega. Majina haya mawili yana mzazi mmoja, na habari yake si ya kuchekesha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikusanya Waafrika wabebe mizigo ya jeshi, mamia ya maelfu yao, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Mahali walipopiga kambi Nairobi na Dar es Salaam watu wakapaita kwa jina la kikosi, kila mji kwa matamshi yake. Kwa hiyo ukinunua kiondo au simu mahali hapo, unasimama juu ya kambi ya wapagazi. Hilo nalitaka mlijue, kisha tuendelee kucheka.

Binti akapanda boti kwenda Unguja. Huko akapangiwa malazi kwa shangazi wa rafiki yake, kwenye moja ya majengo ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jioni akampigia mama yake simu.

"Mama, nimefika salama. Niko Kilimani."

Kumbukeni, mama yuko Hurlingham, na Kilimani ya Nairobi ni jirani tu, unaweza kuifikia kwa miguu kabla chai haijapoa.

"Kilimani? Si ulisema unaenda Zanzibar?"

"Ndiyo niko Zanzibar. Kilimani."

"Wee! Umerudi bila kuniambia? Basi pitia dukani ulete maziwa."

Walichukua muda kuelewana, na nasikia salio la simu liliisha kabla hawajafika mwisho. Angelala upande mwingine wa mji ingekuwa vilevile, kwa sababu Unguja kuna Shaurimoyo na Nairobi kuna Shauri Moyo. Majengo iko Nairobi, Mombasa, Moshi na miji mingine mingi. Pangani iko karibu na Barabara ya Thika, na Pangani nyingine iko mkoani Tanga, mji wa kale kwenye mdomo wa mto. Kijana wa kutoka Lindi, kusini kabisa mwa Tanzania, akija Nairobi akasema "natoka Lindi", kuna mtu atamkumbatia na kumwambia wao ni majirani, kwa vile Kibera nayo ina Lindi yake.

Rwanda tutaipita upesi. Huko magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu, Uganda na Tanzania, na pale mpakani Gatuna madereva hubadilisha upande. Binti alifundishwa tangu chekechea: tazama kulia, kushoto, kulia tena, kisha vuka. Mafundisho hayo yana akili, kwa sababu kwetu gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Kigali la kwanza linatoka kushoto. Kwa hiyo aliyefundishwa vizuri zaidi ndiye anayeruka nyuma mara nyingi zaidi, huku mwendesha pikipiki akimshangaa. Halafu saa yake ya mkononi inakwenda saa moja mbele ya kila mtu, naye anafika kila mahali kabla ya mlango kufunguliwa. Kwa mtu wa Nairobi kuwahi ni jambo jipya kabisa.

Mkasa ninaoupenda kuliko yote ni wa Addis Ababa.

Ethiopia, wanangu, ina kalenda yake. Mwaka wao una miezi 13: kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na wa mwisho una siku tano, au sita mwaka mrefu. Hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Sherehe ya mwaka 2000, ambayo sisi tuliimaliza na kuisahau, wao waliifanya Septemba 2007. Binti alikuwa amesoma haya yote kabla ya kusafiri, akajiandaa. Mambo ya ajabu yasimpate! Tarehe akaiangalia mara tatu. Hakukosea hata siku moja.

Mwenyeji wake, bwana mmoja mpole, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kesho atampitia saa mbili waende makumbusho. Binti akasikia Kiingereza, akaweka kichwa chake katika Kiingereza: saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane mchana. Akalala vizuri. Asubuhi, yuko ndani ya blanketi, mlango unagongwa. Bwana yule amesimama nje amevaa tai, anatazama saa yake. Ni saa mbili asubuhi, saa mbili hii yetu, ya bibi zenu, ya tangazo la redio, saa mbili ya kufungua maduka! Waethiopia huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, sawasawa na Waswahili. Katika dunia nzima binti wetu alikuwa amefika mahali ambapo saa ya nyumbani inafanya kazi bila kugeuzwa, nayo ndiyo saa aliyoiacha nyumbani kwa sababu mtu alimsemesha kwa Kiingereza. Hapo siwezi kumwonea huruma. Nilicheka nilipokuwa namtunga.

Lakini kwa nini saa hii inatufaa sisi? Kwa sababu tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, Januari hadi Desemba. Linazama kwa utaratibu huo huo jioni. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "saa moja" akimaanisha saa ya kwanza ya mwanga, na itakuwa hivyo mwaka mzima. Ipeleke saa hiyo London uone. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, hata mtoto wa shule anakwenda gizani na kurudi gizani. Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Wakenya wanaofika Ulaya kiangazi hukaa wakingoja giza ndipo wapike chakula cha jioni. Wanangoja, wanangoja, mwishowe wanakula wakiwa wamechoka na njaa, nje bado kweupe, na majirani wanafunga mapazia ili walale.

Msidhani mikasa hii ni ya siku hizi za ndege. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri kwenda nchi ya Wachagga. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Kiongozi akamjibu kwamba ni baridi. Mnaona? Mtu wa pwani hajawahi kuona theluji, hana jina lake, kwa hiyo akataja kile mlima unachomfanyia binadamu. Rebmann yeye alizaliwa Ujerumani, theluji aliijua tangu utotoni, akaitambua palepale. Wamisionari waliandika pia kwamba watu walisimulia habari za waliopanda kuchukua vile vinavyong'aa kama fedha, wakavitia katika chupa, na waliposhuka wakakuta maji matupu. Fikirieni nyuso zao walipofungua chupa.

Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Kiongozi alisema kweli, wapandaji walisema kweli, Rebmann alisema kweli. Kosa lilifanywa na mtu ambaye hakusafiri. Mwingereza William Desborough Cooley, bingwa wa ramani aliyekaa London na hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba Rebmann aliona vingine. Alibishana kwa miaka. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita elfu nne na theluji ikamwangukia kichwani. Hata hiyo haikumtosha Cooley. Katika hadithi nzima ninayowasimulia leo, huyo ndiye mtu pekee ninayemhesabu kuwa amepotea.

Siku hizi kupotea kumepata mabawa. Mwaka 2002 vijana wawili wa Uingereza walikata tiketi ya ndege kwenda Sydney. Wakafika Halifax, Kanada, wakaelekezwa kwenye ndege ndogo ya kuunganisha, na hapo ndipo mioyo ikaanza kuwadunda: ndege ndogo namna ile itavukaje bahari mpaka Australia? Haikuwa inakwenda Australia. Kanada ina Sydney yake, mji wa Nova Scotia, na tiketi yao ilikuwa ya huko. Wenyeji wakawapokea vizuri, na tangu hapo wageni wengine kadhaa wameshuka pale wakitafuta kangaruu.

Kuna pia mume na mke wa Marekani waliotaka kwenda Dakar, Senegal. Wakabadilisha ndege Istanbul. Baadaye wakaitazama ramani kwenye kioo mbele yao, wakaona ndege inaelekea mashariki. Walikuwa njiani kwenda Dhaka, Bangladesh. Uwanja wa Dakar ulikuwa na alama DKR, wa Dhaka DAC, na katika kuzitaja au kuziandika herufi zilipishana. Watu wawili walisafiri safari ndefu kwa upande usio wao, na walipewa chakula njia nzima.

Alama hizo za herufi tatu nataka mzijue, maana hata hapa nyumbani zinaumiza watu. Kila msimu wa watalii kuna familia inayofika Uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi, na masanduku yake, ikiwa na tiketi ya Maasai Mara au Lamu, inaulizia ndege yake na kukuta haipo. Ndege ndogo nyingi za kwenda huko huondoka Wilson, Barabara ya Lang'ata. Wilson ni uwanja wa zamani, umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha shirika la ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Nairobi ikawa na viwanja viwili, na mgeni hudhani kila jiji lina kimoja kama kwao.

Kwa hiyo mkipata mgeni hapa Hurlingham, au ninyi wenyewe mkisafiri, chukueni tiketi muisome kabla ya kuita teksi. Ikiandikwa NBO, ondokeni mapema, mna jiji zima la kuvuka hadi Embakasi. Ikiandikwa WIL, Wilson ni kilomita chache tu kutoka hapa. Na saa iliyoandikwa juu ya tiketi ni ya Kizungu: ikisema 08:00, ni saa mbili asubuhi. Msilale mpaka saa nane.